Baridi ya Arusha na Moshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yakianza kukata, maswali huanza. Anauliza anayehamia kikazi kutoka Dar, anauliza mama mwenye kichanga, anauliza mtoto wa Kichagga aliyekulia Mbagala na sasa anapanda kumzika babu yake mwezi wa saba. Nimeyakusanya yale yanayorudi kila mwaka na kuyajibu jinsi tunavyoishi na baridi hii huku kaskazini. Kama huna muda wa kusoma yote, soma swali la jiko la mkaa chumbani. Mengine yanaweza kungoja.

Baridi inaanza lini hasa?

Joto la Januari na Februari huvunjwa na masika, ambayo kwa kawaida hushika Machi na kwenda hadi Mei. Wengi hudhani mvua ndiyo inayoleta baridi. Masika huleta matope na unyevu, lakini baridi yenyewe husubiri mvua ikate. Kufika Juni, mvua kubwa imeondoka na mawingu yamebaki. Kipupwe ndicho hicho: Juni, Julai na Agosti, na Julai ndiyo kilele chake.

Utaijua kwa dalili. Unaamka kuna manyunyu ambayo hayajazi hata kopo. Jua linatoka saa tano au saa sita mchana, na siku nyingine halitoki kabisa. Wauza chai wa stendi wanapata wateja kabla hakujapambazuka, na salamu za asubuhi zinabadilika: baada ya shikamoo, swali linalofuata ni mmeamkaje na hii baridi.

Tuko karibu na Ikweta. Kwa nini tutetemeke?

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini kati ya mita 800 na 900. Hewa kadiri inavyopanda hupanuka, na ikipanuka hupoa. Kwa wastani hupungua nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Ukitoka ufukweni Dar ukaja Arusha, umeshapoteza nyuzi tisa hivi kabla hata hatujauliza ni mwezi gani.

Sababu ya pili ni kusi. Katika miezi hii upepo unatoka kusini mashariki, Bahari ya Hindi, ukiwa umebeba unyevu. Ukikutana na Kilimanjaro na Meru hauna njia ila kupanda, na ukipanda unapoa na kuwa wingu. Arusha na Moshi zote mbili zimekaa upande wa kusi wa mlima wake, mahali penyewe ambapo mawingu hayo hulala. Pita nyuma ya Meru, elekea Oldonyo Sambu au Monduli, utakuta siku hiyohiyo kuna jua, vumbi na upepo.

Sababu ya tatu ni jua lenyewe. Tarehe 21 Juni hivi linakuwa mbali kaskazini, juu ya Tropiki ya Kansa, kwa hiyo miale yake hutufikia ikiwa imelala kidogo. Lakini msiilaumu sana hii. Urefu wa mchana hapa karibu haubadiliki mwaka mzima. Kati ya siku ndefu kabisa na fupi kabisa pana tofauti ya dakika 24 tu. Tatizo letu ni wingu, na ndiyo maana likifunguka saa nne asubuhi, kufikia saa sita umeshavua sweta na shingo inakuungua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wageni hawalitegemei. Baridi ya hapa ni ya aina mbili. Siku za mawingu mazito mchana unakuwa wa baridi, lakini usiku haushuki sana kwa sababu wingu linazuia joto la ardhi lisitoroke. Siku za anga jeupe ni kinyume: mchana unaota jua, usiku joto lote linapaa, na alfajiri ndiyo inayouma. Juni na Julai tunapata zaidi ile ya kwanza. Agosti hadi Septemba inakuja ile ya pili, na ndiyo inayowakamata wanaodhani baridi imekwisha kwa kuwa jana mchana kulikuwa na jua.

Arusha na Moshi, wapi kuna baridi zaidi?

Arusha, bila ubishi, kwa mji na mji. Julai usiku Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au 13 na mchana huwa kwenye 21 hadi 23. Moshi mjini usiku ni kama 16 au 17 na mchana hufika 25 au 26. Hiyohiyo Moshi mwezi wa pili inapita nyuzi 32, watu wanalala madirisha wazi.

Lakini swali hili mara nyingi linaulizwa vibaya. La kuuliza ni utalala wapi mlimani. Mtu akikwambia anaishi Moshi anaweza kuwa TPC kwenye mashamba ya miwa, ambako blanketi moja linatosha hata Julai, au anaweza kuwa Kibosho, Uru au Marangu ya juu. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Toa nyuzi sita au saba kwenye kipimo cha Moshi mjini utapata hali ya hapo, na usiku wa nyuzi 10 ndani ya nyumba ya mbao si mchezo. Arusha nako vivyo hivyo. Njiro na Ngaramtoni hazifanani, na Ilboru kukipanda kuelekea msituni ni hadithi nyingine.

Angalia pia korongo. Usiku hewa ya baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka mlimani ikifuata mabonde ya mito. Nyumba iliyo chini kando ya mto huwa na baridi ya alfajiri kuliko ile iliyo juu kidogo kwenye mgongo wa kilima. Ukitafuta nyumba ya kupanga, waulize majirani kuhusu hilo.

Nakuja msibani Machame mwezi wa saba. Nibebe nini?

Swali hili naomba walisome hasa ndugu zetu wanaopanda Desemba tu. Desemba nyumbani kuna jua, ndizi zimeiva, watu wanakaa nje hadi usiku wa manane. Ukiwa unaijua Machame ya Krismasi, huijui ya Julai. Kila mwaka unaona watu wameshuka kwenye basi na shati jepesi, na usiku wa mkesha wanaazima mashuka ya wenyeji.

Beba sweta zito au koti la upepo, soksi nene, kofia ya sufu na viatu vya kufunika. Vaa nguo kwa matabaka, kwa sababu mchana ukifunguka utataka kuvua. Kanga mbili za mama zifungwe juu ya sweta, zinasaidia kuliko zinavyoonekana. Shuka la Kimasai ni zuri na unalipata popote. Kama hujajiandaa, Memorial pale Moshi na Samunge kwa Arusha kuna majaketi ya mitumba ya kila aina. Nunua lenye kola ndefu na zipu nzima. Na ukija na wazee, uliza mapema watalala wapi, ikiwezekana wapate chumba cha ndani kisichoguswa na upepo.

Naruhusiwa kuingiza jiko la mkaa chumbani nilale nalo?

Hapana. Hata kama umeacha dirisha wazi kidogo, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi, hapana.

Nataka nieleze kwa nini, maana kukatazwa bila sababu hakumzuii mtu anayetetemeka saa nane za usiku. Mkaa ukiungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inashika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu kuliko oksijeni, kwa hiyo mwili unakosa hewa huku mtu anapumua kama kawaida. Ukiwa macho utaumwa kichwa, utapata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu itakuwa mizito. Ukiwa umelala hutahisi chochote, na wengi hawaamki.

Kosa kubwa linalorudiwa majumbani ni kuamini kwamba moshi ukiisha, hatari imeisha. Mama anawasha jiko nje, anasubiri mkaa uwe mwekundu, ndipo analiingiza ndani akijua amechukua tahadhari. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa gesi ileile. Kuufunika majivu hakusaidii, na sufuria ya maji juu yake haisaidii. Hata jenereta iliyowashwa kwenye veranda iliyozibwa inafanya kazi hiyohiyo ya kuua.

Ikitokea watu wawili watatu wa nyumba moja wameamka na kichwa kinachouma kwa pamoja, na jiko lilikuwa ndani, msianze kutafuta dawa za malaria. Tokeni nje kwanza, wote, mvute hewa safi, kisha nendeni hospitali mkaseme wazi kwamba jiko la mkaa lilikuwa chumbani. Neno hilo linaokoa muda. Ukimkuta mtu amezimia ndani, fungua milango, mtoe nje haraka, na wewe usikae mle ndani kujiuliza.

Sasa tufanyeje usiku? Pasha mwili, acha kupasha chumba. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara yenye mfuniko unaobana, ifunge kwa taulo, iweke miguuni dakika kumi kabla ya kulala. Mablanketi mawili mepesi hushika joto kuliko moja zito, kwa sababu kuna hewa katikati. Tandika kitu chini yako pia: baridi nyingi hupitia godoro jembamba na sakafu ya saruji. Kunja kitambaa uzibe upenyo chini ya mlango, lakini matundu ya hewa ya juu ukutani yaache wazi. Moto wa jioni ukaliwe jikoni, milango wazi, watu wakizungumza, na ubaki huko wakati wa kulala.

Hita ya umeme je?

Ni salama zaidi upande wa hewa, ila inakula. Hita ya wati 2,000 inamaliza unit mbili za LUKU kwa kila saa. Iwashe nusu saa kabla ya kulala kisha uzime. Isikae karibu na pazia au chandarua, na isichomekwe kwenye ekstensheni yenye vitu vingine.

Zile hita za kuchovya kwenye ndoo ya maji ya kuoga zinahitaji nidhamu. Zima ukutani na uchomoe plagi kabla hujagusa maji. Watoto wasibaki nayo peke yao. Ndoo iwe ya plastiki na isiwe kwenye njia ya kupita. Shawa ya umeme ifungwe na fundi anayejua kuunganisha eathi. Ukisikia inakutekenya vidoleni unapofungua bomba, acha kuitumia siku hiyohiyo.

Mtoto mchanga nimvalisheje, na nimwogeshe mara ngapi?

Kanuni inayofanya kazi ni tabaka moja zaidi ya unalovaa wewe, kofia na soksi. Mguse mgongoni au kifuani, si mikononi. Mikono ya kichanga huwa ya baridi hata akiwa sawa. Akiwa ana jasho shingoni, umezidisha. Kumfunika mpaka usoni ni hatari. Mwogeshe mchana jua likifunguka, haraka, kwa maji ya uvuguvugu, na siku ambazo halijafunguka kumfuta kwa kitambaa kunatosha. Hakuna bibi atakayekulaumu kwa haki.

Njia bora kuliko zote ni kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, ukajifunika naye shuka. Mwili wa mama unampasha kuliko blanketi lolote.

Kuhusu nimonia, jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo lake kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja, ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au ukiona kifua kinaingia ndani anapovuta hewa, au anakataa kunyonya, nenda hospitali usiku huohuo. Na asali, ambayo tunaipenda sana kwa kikohozi, isitolewe kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Mafua yanaletwa na baridi?

Mafua yanaletwa na virusi. Baridi inasaidia kwa kutukusanya ndani, madirisha yamefungwa, daladala vioo vimepandishwa, mtu mmoja anapiga chafya na wote mnavuta. Fungua kioo hata kama abiria wa nyuma atanung'unika.

Wenye pumu wajiandae zaidi. Hewa ya baridi ya alfajiri na moshi wa kuni vinabana kifua, na Agosti vumbi linaongezeka. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni, isiachwe nyumbani.

Mbu wameisha, nitoe chandarua?

Usitoe. Ni kweli mbu hupungua, na vimelea vya malaria hukua polepole sana ndani ya mbu hewa ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi, ndiyo maana huko juu mlimani malaria ni chache. Lakini nyanda za chini za Moshi, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji kama Mabogini, maji yapo na joto lipo. Unaweza kulala Kibosho wiki nzima salama, ukaenda kumsalimia shangazi Kahe usiku mmoja ukarudi na malaria.

Nguo hazikauki. Tunafanyaje?

Fua kidogo kidogo, na nzito zisubiri siku iliyofunguka mapema. Suruali ya jinzi ianikwe imepinduliwa, ikining'inia kiunoni. Usianike chumbani unamolala, unyevu wote unaishia ukutani na baada ya wiki mbili utaona ukungu nyuma ya kabati. Sogeza kabati kidogo kutoka ukutani. Sare za shule ziwe angalau mbili. Shule nyingi hufungwa Juni, lakini Julai zinafunguliwa katikati ya baridi kali, na mtoto aliyevaa sweta bichi asubuhi anakaa nalo mpaka saa nane.

Mlima haujaonekana wiki nzima. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Amka saa kumi na mbili asubuhi, au tazama tena jioni jua likikaribia kuzama; nyakati hizo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hufunguka mara nyingi. Mchana hewa iliyopashwa hupanda mitelemko na kutengeneza wingu jipya hata siku iliyoanza nyeupe.

Wingu hilo lina mwisho juu. Wapandaji huingia lango la Machame kwenye ukungu na manyunyu, wakifika nyanda za Shira, takriban mita 3,800, wanakuta jua na mawingu yako chini yao. Usiku wake ni chini ya sifuri. Kwa vijana wanaochukua kazi ya upagazi kwa mara ya kwanza mwezi wa sita au wa saba: kagua begi la kulalia na viatu vyako kabla hamjaondoka mjini. Ukiambiwa vitapatikana mbele, usikubali. Mtu anayebeba mzigo wa mwingine ana haki ya kulala bila kutetemeka.

Theluji inaweza kudondoka mjini?

Hapana. Inadondoka juu Kibo, na mara chache kwenye kilele cha Meru. Ile barafu ya kudumu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na anayekwambia baridi kali ya mwaka huu itairudisha anakufariji tu. Barafu inahitaji theluji nyingi mwaka hadi mwaka. Baridi kavu peke yake haiijengi.

Mkulima na mfugaji ajihadhari na nini?

Hapa ndipo baridi inapogusa mfuko, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kahawa ya mlimani huanza kuchumwa Julai hivi, wakati jua ni la kubahatisha. Anayekoboa nyumbani na kuanika kwenye kichanja atambue kwamba kahawa inayokauka polepole chini ya wingu inashika ukungu na kupoteza ladha. Tandaza tabaka jembamba, igeuze mara kwa mara, ifunike manyunyu yakianza na usiku. Usiifungie kwenye gunia mpaka unyevu umeshuka hadi takriban asilimia 11. Baridi yenye unyevu ndiyo pia inayolea chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, hasa mashamba ya juu. Punguza matawi ili hewa ipite, na waliopanda aina za zamani wafikirie miche yenye ukinzani inayozalishwa na kituo cha utafiti cha TaCRI, Lyamungu.

Mahindi ya tambarare huvunwa Julai na Agosti. Yakaushwe kabisa kabla ya kuhifadhiwa, unyevu usizidi asilimia 13.5, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kupikwa. Bila kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana maji.

Nyanya na viazi vinaliwa na ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao hupenda hasa hali hii: ubaridi, umande, majani yasiyokauka mpaka mchana. Wakulima wa Ngarenanyuki wanajua. Mwagilia asubuhi kwenye shina, usinyunyizie majani jioni, panda kwa nafasi. Ukingoja kuona majani yameungua nusu shamba ndipo utafute dawa, umechelewa.

Vifaranga vinakufa kwa urahisi kwa baridi katika wiki tatu za kwanza. Vikijikusanya chini ya chanzo cha joto vikilia, vinaona baridi. Vikikimbilia pembeni, joto limezidi. Vikitawanyika vizuri, acha hivyo. Kama unatumia jiko la mkaa bandani, yale niliyosema kuhusu gesi yanakuhusu wewe unayeingia kuvilisha.

Simu inasema nyuzi 19, mbona huku ni baridi zaidi?

Kwa sababu simu inatoa namba moja kwa jina moja. Ukiandika Moshi inakupa mjini, na wewe uko Old Moshi juu. Fanya hesabu ya mwinuko niliyoeleza. Kwa msimu mzima, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hutoa mwelekeo wa kipupwe kabla hakijaanza, kwa kanda. Ni jambo la kusikitisha kwamba tunausikiliza wa masika na vuli kwa makini na huu tunaupuuza, wakati una habari za wafugaji na wenye watoto wadogo.

Barabarani je?

Ukungu mzito hutegemea njia. Marangu kwenda Rombo, na ukingo wa Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200, asubuhi unaweza usione gari lililo mbele. Tumia taa za chini. Taa kali hurudishwa na ukungu machoni mwako. Ukipanda bodaboda alfajiri, funika kifua. Upepo wa mwendo unaondoa joto la mwili haraka, na dereva wako aliyevaa jaketi zito mchana kweupe ana sababu.

Nile nini?

Mtori wa moto, makande, uji wa ulezi asubuhi, supu, chai ya tangawizi. Arusha waongeze loshoro. Pombe inadanganya: inakupa joto la ngozi huku mwili wa ndani unapoa, na mzee aliyekunywa mbege mpaka usiku asiachwe atembee peke yake kwenye baridi.

Kaka yangu yuko Ulaya, Agosti ananiambia joto linaisha na baridi inakuja. Sisi yetu inaisha. Inakuwaje?

Dunia imeinama. Kuanzia Machi hadi Septemba upande wa kaskazini ndio umeelekea jua, baada ya hapo zamu inageuka. Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, mgeuko unatugusa kidogo. Wao unawageuza maisha. London mwezi wa sita ina mchana wa zaidi ya saa 16, Desemba haufiki saa nane. Kwa hiyo anapolalamika mwishoni mwa Agosti, mwelewe: kinachomuumiza ni giza linalokuja, siku inafupika kila wiki, majani yanaanza kugeuka rangi, na baridi kali yenyewe itamfikia Januari na Februari.

Yeye ana faida moja. Nyumba yake ina mfumo wa kupasha joto. Kwetu nyuzi 13 za nje ni karibu nyuzi 13 za ndani, ndiyo maana mgeni kutoka Ujerumani anaweza kulalamika baridi akiwa sebuleni kwako. Mpe shuka bila kumcheka.

Na kwa mnaopigiana simu: Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya wanarudisha saa nyuma. Aliye Uingereza, tofauti yenu inatoka saa mbili kuwa tatu. Aliye Ujerumani, kutoka moja kuwa mbili. Mama asikeshe akisubiri simu ya saa mbili usiku itakayoingia saa tatu.

Mbona kampuni za utalii zinauita huu msimu mzuri?

Kwa sababu Juni hadi Oktoba ni kavu. Njia za mbugani zinapitika, nyasi zimepungua, wanyama wanaonekana. Mgeni hahitaji joto, anahitaji barabara. Ila mwambieni mgeni wenu ukweli, kwamba gari la wazi saa kumi na mbili asubuhi Ngorongoro mwezi wa saba linahitaji koti na glavu.

Baridi inaisha lini?

Nanenane watu wakikusanyika viwanja vya Themi, Arusha, mchana huwa tayari umeanza kulegea, alfajiri bado. Septemba inakuja na upepo na kisulisuli cha vumbi kule Kisongo na Boma Ng'ombe. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya vichwa vyetu likielekea kusini, mijakaranda inachanua, na tunaanza kuangalia mawingu ya vuli. Mablanketi yafueni Septemba, wakati kuna jua na upepo wa kuyakausha siku moja. Ukingoja Novemba, mvua itakukuta nayo kwenye kamba, na yakiwekwa sandukuni na unyevu yatatoka Juni yakinuka na kumkohoza mtoto.